Mchezo wa Kinyume na Ufundishaji wa Sauti za Herufi

Katika mijadala kuhusu michezo ya kufundishia sauti za herufi, swali moja la msingi hurukwa: mtoto mzungumzaji wa Kiswahili huanza kuikata lugha yake wapi? Makala hii inadai kwamba jibu limo katika kinyume, mchezo ambao watoto hufundishana wenyewe. Silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni: 'kitabu' huwa 'bukita', na 'panda' huwa 'ndapa'. Hapati kusikika mtoto asemaye *'dapan'. Nd huhama pamoja na irabu yake.

Ukweli huu una uzito darasani. Vipasuo kama b, t na k ni vigumu kutamkwa pekee bila kuzuka irabu hafifu nyuma yake. Mtoto akiambiwa aunganishe sauti nne za 'baba', moja moja, hupata msururu usiofanana na neno alijualo tangu utotoni. Akishindwa huitwa mzito, ilhali kosa ni la kipimo alichopewa.

Hatusemi kwamba fonimu ziachwe. Mtaala wa Darasa la I na II ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 uliweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na hakuna asomaye bila kuzijua sauti za herufi. Wala silabi peke yake si kinga: 'ba, be, bi, bo, bu' huweza kuimbwa na darasa zima macho yakiwa dirishani. Mchezo ufaao zaidi ni wa kubadilisha kadi moja ya silabi: 'paka', 'taka', 'kaka', 'saka', 'waka', kisha 'pata' na 'pita'. Hapo konsonanti na irabu hugunduliwa kwa sababu maana imegeuka.

Ugumu halisi umo katika herufi m. 'Mbuzi' ina silabi mbili, mbu-zi. 'Mtu' nayo ina mbili, kwani m ni silabi kamili. 'Mbwa' huandikwa kwa mb ileile ya 'mbuzi', lakini m yake husimama peke yake na hata kubeba mkazo, ambao katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Watoto wakipiga kofi kwa kila silabi, maneno yote matatu hupata makofi mawili. Mwalimu akilikataa kofi la kwanza la 'mbwa' kwa hoja kwamba mb ni sauti moja, atakuwa amelisahihisha sikio lililosikia vyema.