Fedha za Kusaidia Vikundi: Mkopo Si Zawadi

Tangu zamani watu wa Kenya wamejua kusaidiana. Wakamba waliita kazi ya pamoja mwethya, Wakikuyu waliiita ngwatio, na Wajaluo saga. Mwenye shamba aliwaita majirani wakalima naye, na siku nyingine ikawa zamu ya mwingine. Huko Machakos vikundi vya mwethya vilichimba matuta ili maji ya mvua yasichukue udongo. Na baada ya uhuru wa mwaka 1963, wito wa Harambee ulijenga shule nyingi na zahanati. Siku hizi vikundi vya namna hiyo havikusanyi nguvu za mikono tu, bali huweka akiba na kukopeshana fedha.

Serikali nayo imeanzisha mifuko ya kuvisaidia. Mfuko wa Vijana ulianzishwa mwaka 2006, Mfuko wa Wanawake mwaka 2007, na Mfuko wa Uwezo mwaka 2013. Mfuko wa watu wenye ulemavu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2015 ukawekwa mfuko mwingine kwa kaunti zote 47, wa kuwainua wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu na watoto walio katika dhiki.

Jambo la kwanza linalopasa kufahamika ni kwamba fedha hizi si za namna moja. Ziko za ruzuku, yaani msaada usiorudishwa, na ziko za mkopo, ambazo sharti zilipwe. Vikundi vingi vimeingia matatani kwa kutotambua tofauti hiyo. Wanachama husikia kwamba fedha ni za Serikali, wakadhani ni zawadi, wakagawana.

Mfuko wa Uwezo ni mfano mzuri wa mkopo. Kanuni zake za mwaka 2014 ziliweka mkopo wa shilingi 50,000 hadi 500,000 kwa kikundi cha wanawake au cha vijana. Mkopo huo hauna riba, bali hutozwa mara moja gharama ya asilimia 3. Kwa hiyo kikundi kilichokopa shilingi 100,000 hugharimika shilingi 3,000 tu. Tena kikundi hupewa miezi sita ya kupumua kabla ya kuanza kulipa, ili kuku waanze kutaga au mazao yapate kuuzwa. Mathalan, watu kumi wakilipa deni hilo la shilingi 100,000 kwa miezi ishirini, kila mmoja atatoa shilingi 500 kwa mwezi. Mzigo huo hubebeka, mradi wote kumi waubebe. Wawili wakitoroka, wanane waliobaki watalipa shilingi 625 kila mmoja, na hapo ndipo urafiki wa miaka mingi huvunjika.

Iko sababu nyingine ya kulipa. Mfuko wa namna hii ni wa kuzunguka: fedha zinazorudishwa na kikundi kimoja ndizo zinazokopeshwa kikundi kingine. Asiyelipa hamwibii mtu wa mbali asiyemjua. Humnyima jirani yake wa eneo lile lile la ubunge, ambaye pengine amengoja zamu yake kwa muda mrefu. Hivi ndivyo ilivyokuwa katika mwethya: aliyelimiwa shamba lake kisha asiende kulima la mwenzake, aliharibu kazi ya wote.

Je, kikundi kijitayarishe vipi? Kwanza kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa mujibu wa sheria ya kuandikisha vikundi ya mwaka 2022. Kwa kawaida hutakiwa wanachama kumi au zaidi, pamoja na katiba iliyoandikwa, orodha ya wanachama, na viongozi waliochaguliwa. Hati ya kuandikishwa ina muda wake, nayo haina budi kufanywa upya. Pili, kifungue akaunti ya benki kwa jina la kikundi, si kwa jina la mwenyekiti. Tatu, kianze kuweka akiba na kukopeshana chenyewe kabla ya kuomba cha wengine. Mfuko wa Uwezo ulitaka kikundi kiwe kimedumu angalau miezi sita, na wanachama wapate mafunzo kabla ya kupokea fedha. Mashirika makubwa ya hisani yana sheria yao ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 badala ya ile ya mwaka 1990.

Lililo kubwa zaidi ni vitabu. Kila shilingi inayoingia iandikwe siku ile ile, na kila inayotoka iwe na stakabadhi. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wanachama wote katika kila mkutano, hata kama yeye ni mama mkwe wa nusu ya kikundi. Kusoma hesabu si kumshuku mtu. Ni kumkinga mwaminifu asije akasingiziwa.

Yafaa pia kujihadhari na watu wanaozunguka vijijini wakidai fedha ili wapitishe maombi ya kikundi haraka. Fomu ya Mfuko wa Uwezo haiuzwi. Anayetaka habari aende mwenyewe katika ofisi inayohusika, akiwa na mwenzake mmoja wa kushuhudia, aulize maswali matatu: Je, hizi ni ruzuku au mkopo? Zitalipwa kwa muda gani? Asipolipa mmoja, nani atamlipia? Kisha majibu yasomwe mkutanoni kabla mtu yeyote hajatia sahihi.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kikundi kinacholipa kwa wakati hujenga jina jema, nalo jina hilo hukifungulia mlango wa mkopo mkubwa zaidi, na kuwaachia majirani mlango wazi.