Chumvi Haifungi Rangi ya Manyoya

Wanaouliza hubadilika, swali halibadiliki: nimetia rangi manyoya ya jogoo ya kufungia chambo cha trauti, nikayaloweka usiku kucha katika maji ya chumvi, mbona rangi imetoka mara tu yalipogusa maji ya mto? Niongeze chumvi kiasi gani?

Usiongeze hata chembe. Ukitaka, yafukie manyoya hayo ndani ya gunia zima la chumvi ya Gongoni, uyafukue baada ya mwaka. Rangi itatoka vilevile, kwa sababu chumvi haina kazi ya kufunga rangi kwenye unyoya na haijawahi kuwa nayo.

Imani hii imetoka kwenye beseni la kufulia. Leso mpya ikinunuliwa, hakosekani mtu nyumbani wa kusema iloweke kwanza kwenye chumvi. Tena ana ushahidi: maji ya chumvi hubaki karibu meupe, ilhali leso ikitiwa kwenye maji matupu huyageuza mekundu. Ushahidi ni wa kweli, hukumu ndiyo mbovu. Rangi nyingi za pamba huyeyuka kwa shida penye chumvi, basi chembe ambazo hazikushika hubaki kwenye kitambaa zikingoja. Ifue leso hiyo wiki ijayo kwa maji ya bomba, pamoja na shati jeupe la shule, kisha njoo unisimulie habari za shati. Rangi haikufungwa. Ilizuiwa kutoka kwa muda wa saa moja, na chumvi iliyoizuia ikamwagwa na maji.

Ila imani hii haifi, kwa sababu imebeba punje ya ukweli. Wanaotia pamba rangi viwandani hutumia chumvi nyingi kwelikweli. Pamba ikiwa majini hubeba chaji hasi kidogo, na molekuli za rangi yake nazo ni hasi, kwa hiyo hufukuzana. Chumvi huvituliza vita hivyo na rangi ikapata kusogelea uzi. Hiyo ni kazi ya kuingiza rangi chunguni, wakati wa kupika. Kufunga hufanywa na kitu kingine, kwa mfano magadi katika zile rangi zinazoungana na pamba. Watu walichukua nusu ya habari, wakaihamishia kwenye beseni, kisha kwenye manyoya, ambako haina maana yoyote.

Unyoya haukutengenezwa kwa kitu kimoja na pamba. Unyoya wa jogoo, manyoya ya sungura, nywele za mkia wa ndama, vyote ni keratini, yaani protini. Ndani ya protini hiyo kuna sehemu ambazo, maji yakiwa na asidi, hugeuka kuwa na chaji chanya. Rangi zinazofaa kazi hii huitwa rangi za asidi, na molekuli zake ni hasi. Hapo hakuna kufukuzana: rangi huvutwa yenyewe na kunaswa. Kinachohitajika ni asidi, ili milango ifunguke, na joto, ili rangi ipenye ganda la nje la unyoya badala ya kubandika juu. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, ulichofanya ni kuyachafua manyoya, hukuyatia rangi.

Mtu wa pwani hahitaji maabara kulielewa hili. Hina ya kiganjani hufifia baada ya wiki mbili tatu, na si kwamba rangi imetoka: ngozi iliyoibeba ndiyo iliyobanduka. Ikigusa ukucha hukaa hapo mpaka ukucha ukue na kukatwa. Ukucha na unyoya vyote ni keratini, na rangi ya hina huungana nayo moja kwa moja. Anayeikoroga huikamulia ndimu. Nani aliwahi kumwona akiitia chumvi?

Sasa jambo linalonikera zaidi. Katika chungu cha rangi ya asidi, chumvi hufanya kinyume cha kile unachokitaka. Chembe zake hasi hugombania nafasi zile zile chanya ambazo rangi inazitafuta, hivyo huichelewesha kushika. Wenye viwanda vya sufu huitumia aina moja ya chumvi makusudi, ile ya salfeti ya sodiamu, ili rangi iingie polepole na isitoke mabaka. Wao wanajua wanachofanya: wanaipunguza kasi rangi iliyo kali. Wewe umeyapika manyoya nusunusu, rangi imeshika juujuu, halafu unayatumbukiza kwenye kile kile kinachoshindana nayo. Usishangae maji yakigeuka zambarau.

Siki nayo imeponzwa na mkumbo huo huo. Siki ni asidi na inafaa sana, lakini mahali pake ni ndani ya chungu, moto ukiwaka. Kuyasuuza manyoya kwa siki baridi baada ya kazi ni sawa na kutia hamira kwenye mkate uliokwisha kutoka tanuri.

Hasara ya rangi isiyoshika si ya mvuvi mmoja. Trauti waliletwa katika mito ya nyanda za juu za Kenya mwaka 1905, kuanzia mto Gura, na Kenya imekuwa kwa miongo mingi ikifunga chambo cha manyoya kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani. Chambo chekundu kinachovuja kikiwekwa kisanduku kimoja na vyeupe, mteja hufungua kisanduku akakuta vyote ni vya waridi. Mteja huyo harudi.

Wapo pia waliokwenda kwa mafundi wa batiki kuomba ushauri na rangi. Fundi wa batiki ni bingwa wa pamba, na rangi zake nyingi huyeyushwa kwa kostiki na haidrosalfaiti. Kostiki huimumunya keratini. Ndiyo hiyo hiyo inayozibua bomba la bafu lililozibwa na nywele. Jik nayo, wanayoitumia wengine wakitaka kumgeuza jogoo mweusi kuwa mweupe, hula unyoya mpaka ubaki uti unaokatika ukiugusa. Na ukikuta kitabu cha zamani cha wavuvi kinachosifia asidi ya pikriki kwa kupata rangi ya zeituni, funga ukurasa huo: ikikauka hulipuka.

Haya, namna ya kufanya. Anza na manyoya meupe au ya rangi ya maziwa, maana rangi huongeza, haipunguzi. Yaoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo mpaka yalowe kabisa, kwani ndege hujipaka mafuta na rangi haipenyi mafuta. Yaache yameloa nusu saa. Rangi bora ni unga wa rangi za asidi za sufu, gramu 1 hadi 3 kwa kila gramu 100 za manyoya makavu. Nyeusi huhitaji mara mbili ya hapo au zaidi. Huna? Rangi za chakula za dukani, kama tatrazini ile ya njano, kikemia ni rangi za asidi na hushika vizuri. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, si ya alumini, na usiirudishe jikoni kupikia ugali. Tia maji mengi, rangi iliyokwisha korogwa, kisha manyoya. Pasha polepole mpaka nyuzi 70 au 80, mvuke ukipanda na vipovu vikikaa chini bila kuchemka. Ndipo utie siki, robo kikombe kwa lita, au kijiko cha chai cha ndimu ya unga. Ukiitia mapema rangi itakimbilia mahali pamoja. Geuza taratibu, usivuruge, hasa manyoya ya sungura, yasije yakasokotana. Baada ya nusu saa tazama maji: yakikaribia kuwa meupe rangi imeingia, na hiyo ndiyo dalili pekee ya kuamini. Yakibaki na rangi, ongeza siki na muda. Yakikataa bado, ulitia rangi nyingi mno. Yapoe humo humo, suuza mpaka maji yawe safi, kausha kwenye mfuko wa karatasi kwa hewa ya kikaushio cha nywele. Rangi huonekana nzito zaidi manyoya yakiwa mabichi, kwa hiyo usihukumu kabla hayajakauka.

Vipande vyenye ngozi isiyotengenezwa, kama shingo nzima ya jogoo au mkia wa ndama kutoka machinjioni, visipite nyuzi 55. Karibu na 60 ngozi mbichi huanza kusinyaa, ikawa kama mbao na nywele zikang'oka. Vipe saa moja na nusu badala ya nusu saa, au kata nywele kwanza na utie rangi nywele tupu.

Na kwa wanaoniuliza kuhusu marabu: manyoya laini yanayouzwa kwa jina hilo siku hizi ni ya bata mzinga, si ya yule korongo anayesimama kwenye majalala ya Nairobi na Kampala. Mwacheni, analindwa na sheria kama ndege wengine wa porini. Jogoo mweupe wa kienyeji aliyekomaa anatosha. Kuku wa nyama wa wiki sita msininunulie, manyoya yao ya shingo hayajafika urefu wa kuzungushwa kwenye ndoana.