Rafadha Ifaayo Mashua ya Mizigo

Ewe mkulima wa Mpeketoni, ikiwa wewe na wenzako mmenunua mashua ya mashine ili mvushe maembe na ndizi zenu kutoka Mokowe mpaka kisiwani Lamu, msiitazame mashine peke yake. Itazameni na rafadha, yaani lile panga boi lizungukalo majini. Mashine nzuri yenye rafadha isiyoifaa hula petroli bure na kufa upesi, na fedha za mavuno huzama pamoja nayo.

Soma namba zilizopigwa juu ya rafadha. Ukiona 9¼ x 9, ya kwanza ni upana wa duara lake kwa inchi. Ya pili ni mwendo: kama ingekuwa parafujo iingiayo katika mbao, ingesonga mbele inchi 9 kila izungukapo mara moja. Majini haisongi zote, kwa kuwa maji huteleza.

Namba hiyo ya pili ndiyo ya kuangaliwa sana. Mwendo mkubwa huifaa mashua nyepesi ya watu wawili watatu. Ukiipakia magunia, mashine haifikii mizunguko yake. Hukoroma, hupata joto, na masizi hujaa ndani. Ni kama lori lipandalo mlima kwa gia ya juu. Mashua ya mizigo yataka mwendo mdogo. Lakini usiupunguze mno, maana siku ya kurudi tupu mashine itazunguka kupita kiasi.

Basi ijaribu. Pakia mzigo wako wa kawaida, tafuta maji tulivu yenye kina, fungua mafuta mpaka mwisho, usome mizunguko. Kama mashine haina saa yake, fundi anaweza kuwa nayo. Tuseme kitabu cha mashine chataka 5,000 mpaka 6,000 kwa dakika, nawe umepata 4,800. Punguza mwendo kwa inchi 2, kwa kuwa kila inchi hubadili mizunguko karibu 200.

Rafadha ya aluminiamu hupinda ikigonga mwamba, lakini bei yake ni nafuu. Ya chuma cha pua ni ngumu, ila pigo huweza kupita likavunja gia, ambazo ni ghali zaidi. Kwa njia yenye mawe na mizizi ya mikoko, afadhali aluminiamu, na ya akiba iwe ndani ya mashua pamoja na pini na spana.

Kabla ya kuigusa rafadha, zima mashine na uchomoe waya wa plagi. Kisha angalia nyuma yake: mshipi wa kuvulia ukijizungusha pale hukata sili, na maji ya chumvi huingia katika gia.