Bustani Ndani ya Kioo

Mhariri ameniomba nieleze habari za tangi langu la kioo, kwa kuwa kila mwanafunzi wa hapa Budondo anayeliona huniuliza, "Mbona samaki ni wachache hivi?" Jibu ni kwamba tangi hili si la samaki. Ni bustani iliyopandwa kwa mtindo wa Waholanzi, na kwao mimea ndiyo wenyeji, samaki ni wageni tu.

Sisi tumezoea kuchanganya mahindi na maharagwe shambani. Humu haifai. Kila mmea hukaa katika kundi lake, mifupi mbele, mirefu nyuma, na majirani wasifanane: jani jembamba likae karibu na jani pana, la kijani karibu na jekundu. Tena iko ile iitwayo njia ya Leiden, kwa jina la mji wa huko. Mmea mmoja mfupi hupandwa kwa safu pana itokayo mbele, ikaenda nyuma ikiinuka na kuwa nyembamba, hata macho yakadanganyika. Tangi langu lina sentimeta 40 tu kutoka mbele hadi nyuma, lakini wageni hudhani ni mita nzima.

Urefu wake ni sentimeta 100, na kimo cha maji ni 45. Mwenye kupenda hesabu ataona kuwa ni lita 180, yaani kilo 180 za maji peke yake. Meza ya darasani haifai!

Mimea nayo? Mto Nile u karibu, na ndani yake imo valisneria, ambayo majani yake ni kama utepe, na yungiyungi pia. Hapo ndipo nilipokosea. Niliingia majini miguu mitupu, nikang'oa nilivyotaka. Baada ya miezi miwili nikawa na homa na maumivu ya tumbo, na hospitalini choo changu kilipopimwa yakaonekana mayai ya kichocho. Nilipona kwa vidonge vya prazikwanteli, lakini yafaa mjue sababu. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa majini, hupenya ngozi, nao huweza kuishi majini siku moja au mbili wakitafuta mtu. Bustani hii hukatwa kila wiki, mikono ikiwa ndani ya maji. Basi konokono mmoja mgonjwa aliyejificha chini ya jani ni hatari. Wale wanaozaliwa ndani ya tangi hawana ugonjwa, kwa kuwa konokono huupata kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi cha mtu mgonjwa. Mimea yangu ya sasa nilipewa na rafiki aliyeiotesha katika maji ya mvua.

Usiliweke tangi penye jua kali, maana ukoga wa kijani utafunika kila kitu. Taa ya saa nane au tisa kwa siku yatosha.

Na samaki je? Mchana mimea hutoa hewa safi, lakini usiku huivuta kama wao. Wakiwa wengi, alfajiri utawakuta juu wakitweta. Nilijaribu pia nkejje. Wakachimba mchanga, wakang'oa njia yote ya Leiden kwa siku mbili.

Valisneria huzaa upesi mno. Jumamosi nitaipunguza; mwenye ndoo na aje.