Hewa Huingia, Hupanda, Hutoka: Somo Kutoka Maktaba ya Muyinga

Matini za ufafanuzi kuhusu mambo ya ufundi ni haba katika madarasa yetu ya Kiswahili. Katika toleo hili tunaeleza namna hewa inavyosambazwa majengoni.

Katika majengo makubwa, hewa iliyopozwa husukumwa na feni kupitia mifereji ya bati juu ya dari. Mfereji mkuu hugawanyika katika matawi, na hupungua upana kila tawi linapochepuka. Kila tawi huwa na kilango ambacho hufunguka zaidi chumba kinapopata joto, na hujibana kinapopoa. Kwa hiyo kinachobadilika hasa ni kiasi cha hewa, si ubaridi wake. Mpangaji huepuka kona kali na njia ndefu, kwani hupunguza nguvu ya hewa, na chumba cha mwisho hukosa.

Je, pasipo na mitambo hiyo? Tukitoka mtaa wa Musinzira, mjini Gitega, na kuelekea kaskazini-mashariki mwa Burundi, tunafika Muyinga. Huko mwaka 2012 ilikamilika maktaba iliyosanifiwa na BC Architects wa Ubelgiji, ikiwa hatua ya kwanza ya shule jumuishi ya watoto viziwi. Kuta zilijengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa. Matundu yaliachwa ukutani, na paa liliinuliwa juu. Upepo huingia, hewa yenye joto hupanda, kisha hutoka. Anayetaka hewa zaidi hufungua milango ya barazani. Hapa jengo lenyewe ndilo mfereji. Lakini tofali bichi huharibiwa na mvua. Ndiyo maana paa lilirefushwa kupita kuta.

Mwalimu ataona faida ya kisarufi. Kiambishi *hu-* kimetumika kwa jambo la kawaida (huingia, hupanda), na *-li-* kwa tukio lililopita (zilijengwa, yaliachwa). Aidha, neno *mfereji*, tulilolizoea kwa maji, limepanuliwa maana bila kukopa neno jipya.

Kwa zoezi, tunapendekeza kila mwanafunzi aeleze kwa sentensi sita njia ya hewa darasani mwake: inapoingia, inapopita na inapotoka. Asipoweza kutaja inapotoka, tusiharakishe kulaumu Kiswahili chake. Huenda haina pa kutokea, na usingizi wa saa nane mchana si uvivu wa wanafunzi.