Moto wa jikoni: Okoa mapafu, mfuko na mazingira

Msomaji, unapowasha jiko la makaa jioni, hewa mbili mbaya hutoka humo bila wewe kuziona. Ya kwanza ni kaboni dayoksaidi, ambayo hupanda angani na kuchangia kuongezeka kwa joto duniani. Ya pili ni kaboni monoksaidi, ambayo inaweza kukuua usiku huo huo.

Wakazi wengi wa mijini hudhani kwamba makaa ni salama kwa vile hayatoi moshi mwingi kama kuni. Huko ni kujidanganya. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala hazitambui, na huenda asiamke.

Kwa hivyo usiingize jiko chumbani kuota moto msimu wa baridi wa Juni na Julai, hata kama makaa yamekolea na kuwa mekundu. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje upesi na umkimbize hospitalini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 kote duniani.

Makaa vilevile hula misitu. Katika matanuri ya kienyeji, kilo moja ya makaa huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni. Sehemu kubwa ya nguvu za mti hupotea kabla gunia halijafika mjini.

Je, ufanye nini?

Kwanza, loweka maharagwe au githeri usiku kucha na ufunike sufuria unapopika. Chakula kitaiva haraka na moto utatumika kidogo.

Pili, ikiwa lazima utumie makaa, nunua jiko lenye kauri ndani, ambalo hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Hata hivyo, nalo hutoa kaboni monoksaidi, kwa hivyo lipikie nje.

Tatu, ukiweza, tumia gesi. Ingawa hutokana na mafuta ya ardhini, huwaka bila moshi mwingi na haikati mti.

Nne, usiuogope umeme. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Marsabit, si makaa ya mawe. Sufuria ya umeme inayopika kwa mvuke uliofungiwa huivisha maharagwe kwa chini ya yuniti moja.

Hata hivyo, umeme nao una wizi wake. Bafu ya maji moto ya wati 5,000 ikiwashwa dakika 10 hutumia umeme ambao ungewasha globu ya wati 9 kwa zaidi ya saa 90. Fupisha kuoga, si kusoma kwa watoto.

Kama huna pesa za gesi leo, anza na yasiyogharimu chochote: loweka, funika, na utoe jiko nje.