Kiwewe Kinachojificha: Tunajifunza Nini Kutoka Miji ya China?

Mwaka 1980 madaktari wa akili nchini Marekani waliingiza rasmi katika mwongozo wao ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Humpata mtu aliyepitia janga, vita, ajali au ukatili. Tukio humrudia katika ndoto na kumbukumbu, naye huepuka chochote kinachomkumbusha na hushtuka hata kwa kishindo kidogo. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha yake, anahitaji tiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwahoji wakazi wa Beijing na Shanghai. Walikuta takriban watu 3 tu kati ya 1,000 waliowahi kupatwa na ugonjwa huo. Utafiti wa kipindi hichohicho nchini Marekani ulikuta watu 68 kati ya 1,000.

Je, Wachina hawajaonja mateso? La hasha. Tetemeko lililoukumba mji wa Tangshan mwaka 1976 liliua watu zaidi ya 240,000 kwa hesabu ya serikali, na lile la Wenchuan mwaka 2008 liliua takriban 69,000. Tukumbuke kwamba utafiti wa jumla huchanganya walionusurika na wengi wasiofikwa na janga. Miongoni mwa manusura wenyewe, kiwango huwa juu zaidi.

Sababu nyingine ni lugha ya mateso. Katika miaka ya 1980, daktari Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa mkoani Hunan waliolalamikia kichwa, uchovu na kukosa usingizi. Wengi wao walikuwa na sonona. Maumivu ya mwili yalisemeka. Ya moyoni yaliweza kuiletea familia nzima aibu. Takwimu basi hupima pia kile ambacho mtu yu tayari kumwambia mgeni.

Tena, uchache huo usitudanganye. Katika Shanghai yenye wakazi zaidi ya milioni 24, watu 3 kati ya 1,000 ni makumi ya maelfu.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunapowatembelea wagonjwa na wafiwa, tusiuchukulie ukimya kuwa uzima. Tuulize kwa upole kuhusu usingizi na ndoto, tusikilize bila kuhukumu, na tumsindikize kwa mtaalamu anayehitaji msaada, kwa maana ugonjwa huu unatibika.